Mkondo, Fundo na Kitanzi: Istilahi za Saketi yenye Vitanzi Vingi

1. Utangulizi

Katika shule za sekondari za Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini mwenye duka wa Kiogoro na fundi wake hujadili betri na nyaya kwa Ekegusii na Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno manne, yaani mkondo, tawi, fundo na kitanzi, yatosha kueleza saketi yenye vitanzi vingi, mradi kila neno lishike maana yake.

2. Sheria Mbili

Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, Mjerumani, alitoa sheria mbili. Ya kwanza yahusu fundo, yaani mahali nyaya zinapokutana: jumla ya mikondo iingiayo ni sawa na jumla ya mikondo itokayo. Ndivyo yalivyo pia maji ya vijito vya Gusii vinapokutana: hayapotei hapo wala hayaongezeki.

Ya pili yahusu kitanzi, yaani njia inayoanza mahali pamoja na kurejea papo hapo. Volti zinazopandishwa na betri ni sawa na volti zinazoshuka katika vikinzani. Mtu azungukaye vilima vya Kiogoro akarudi mlangoni pake hupanda kadiri alivyoshuka.

3. Mfano

Tuchukue duka lenye taa ya ukinzani wa omu 25. Betri nzima ya volti 13 ina ukinzani wa ndani wa omu 0.5. Mwenye duka aongeza betri kuukuu ya volti 12, yenye ukinzani wa omu 1, akiunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa kutumaini kwamba mbili zitasaidiana.

Katika saketi hii tuchague vitanzi viwili: cha kwanza chapita katika betri zote mbili, cha pili katika betri kuukuu na taa. Tuvipe mikondo *a* na *b*, yote ikizunguka upande mmoja. Tawi la betri kuukuu limo katika vitanzi vyote viwili. Kwa hiyo mikondo hiyo hupingana humo:

Kitanzi cha kwanza: 13 − 12 = 0.5a + 1(a − b)
Kitanzi cha pili: 12 = 25b + 1(b − a)

Jawabu ni a = 1 na b = 0.5. Betri nzima yatoa ampea 1, taa yapata ampea 0.5. Mkondo utokao katika betri kuukuu ni b − a, yaani −0.5.

4. Maana ya Jawabu

Alama ya hasi haionyeshi kosa la hesabu. Yaonyesha kwamba mkondo waenda kinyume cha upande tuliodhania: betri kuukuu haitoi, bali yapokea. Nusu ya mkondo wa betri nzima yaishia humo, wala haifiki taani. Msaada uliotumainiwa umekuwa mzigo.

Hapa ndipo lugha inapohitaji uangalifu. Mkondo wa kitanzi ni kiasi tulichokibuni ili kurahisisha hesabu. Mkondo wa tawi ndio usomwao na ameta. Katika tawi la taa viwili hivi ni sawa, lakini katika tawi la pamoja havilingani. Mwanafunzi aambiwaye «mkondo» tu ataandika ampea 0.5 au ampea 1 kwa betri kuukuu, asijue kwamba inachajiwa. Tena, mto haurudi mlimani. Tashbihi ya maji isipowekewa mpaka, yaweza kumfanya aikatae alama ya hasi iliyo sahihi.

5. Hitimisho

Yafaa basi walimu na watunzi wa istilahi waseme daima «mkondo wa kitanzi» na «mkondo wa tawi», wasiliache neno «mkondo» peke yake panapo tawi la pamoja. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kazi hii. Kinachotakiwa ni kuyatumia kwa uthabiti, ili hesabu ya darasani imfae mwenye duka kabla hajanunua betri nyingine.