Je, Wajua? Karata zilizohesabu nyutroni
Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya kuugua huko Marekani, alikuwa akicheza karata peke yake. Akajiuliza: nina uwezekano gani wa kushinda? Kukokotoa kulimchosha, akaona heri acheze mara mia kisha ahesabu ushindi. Yeye na mwanahisabati mwenzake John von Neumann wakalihamishia wazo hilo kwenye mwendo wa nyutroni, chembe za kiini cha atomu, na mbinu ikaitwa Monte Carlo, jina la mji wa kamari.

Hadi leo kompyuta hurusha nyutroni za kubuni, moja moja, kila moja ikipigiwa kura ielekee wapi. Nazo nyutroni halisi, chanzo kikizitawanya pande zote, kigunduzi kilichosogezwa kutoka mita 1 hadi 2 huambulia robo tu ya zile za mwanzo. Kwenye mita 10, sehemu moja ya mia. Na hapo hewa haijachukua chake! Ndiyo maana maabara ya Grenoble, Ufaransa, huzipitisha kwenye mabomba ya kioo yaliyopakwa nikeli na kutolewa hewa. Zikiparuza ukuta kidogo tu, hurudishwa ndani.