Picha Hii Iliagizwa kwa Maneno Gani?

Jahazi linaingia bandarini wakati wa machweo, tanga limejaa upepo, maji yanameta kama dhahabu. Hakuna aliyeipiga picha hiyo wala kuichora: mtu aliandika agizo, akili mnemba ikaitengeneza. Je, ukiwa na picha peke yake, unaweza kujua agizo lilisemaje?

Mwanzoni mwa mwaka 2023, Kaggle, jukwaa ambako wataalamu wa data hushindana, liliandaa mashindano ya jambo hilohilo. Washiriki walitakiwa kukisia maagizo ya picha zilizotengenezwa na programu ya Stable Diffusion. Hawakupimwa kwa kufananisha herufi. Kila agizo liligeuzwa kuwa safu ya namba 384 zinazobeba maana yake, kisha safu ya mshiriki ikalinganishwa na ya agizo halisi. Kwa kipimo hicho, anayetaja mashua badala ya jahazi hapati sifuri; anapungukiwa alama kidogo tu.

Kipimo hicho kina mantiki. Stable Diffusion huanza na chenga tupu, kama za runinga iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua kwa kufuata agizo mpaka sura ijitokeze. Chenga za mwanzo hupatikana kwa bahati nasibu, hivyo agizo moja huzaa picha nyingi zisizofanana, na maagizo mawili tofauti huweza kuzaa picha zinazokaribiana mno. Neno ambalo programu ililipuuza halikuacha alama yoyote pichani, kwa hiyo hakuna pa kulitafuta.

Zana nyingi za kukisia hutegemea CLIP, modeli iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2021 baada ya kufunzwa kwa picha milioni 400 pamoja na maelezo yake. CLIP hupima ukaribu wa picha na maneno. Mwaka 2022 ikatokea CLIP Interrogator: modeli nyingine, BLIP, huandika sentensi ya kueleza kilichomo pichani, kisha CLIP hupitia orodha ndefu ya wachoraji, mitindo na aina za rangi, na kuchagua yanayoikaribia picha. Aprili 2023, Midjourney nayo ikaanza kupokea picha na kurudisha maagizo manne ya kuchagua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na wenzao waliiachia kompyuta itafute maneno yenyewe. Mara nyingi ilirudi na mchanganyiko usiosomeka, lakini ukirudishwa kwenye programu, ulitoa picha zinazoshabihiana na ile ya kwanza.

Kuna fedha pia. Maagizo mazuri huuzwa katika masoko ya mtandaoni kama PromptBase, na mnunuzi huoneshwa picha za mfano kabla ya kulipa. Watafiti wa kituo cha CISPA, Ujerumani, walionesha kwamba picha hizo za mfano zinaweza kutumiwa kuliiba agizo lenyewe. Lakini wauzaji nao wana deni: maagizo mengi yamejengwa juu ya majina ya wachoraji hai. Greg Rutkowski wa Poland alilalamika hadharani mwaka 2022 kuwa jina lake linatumiwa na maelfu ya watu bila ridhaa yake.

Msomaji azingatie jambo moja. Zana hizi haziulizi picha imetoka wapi. Zipe picha iliyopigwa kwa kamera kwenye harusi ya jirani yako, nazo zitakuandikia agizo lake bila kusita. Kwa hiyo agizo lililokisiwa si ushahidi kwamba picha ni ya kompyuta. Ukitaka uhakika, omba faili la asili, kwani baadhi ya programu huhifadhi agizo ndani yake. Nakala iliyopita mitandao ya kijamii mara nyingi huwa imekwisha kufutwa taarifa hizo.