Mdudu Alishwe Kwanza

Wanachama wengi tumezoea kumtazama mdudu kama adui wa shamba, wala si ajabu kwa mwenye miche ya mikarafuu. Lakini wako wanyama wafugwao ambao hawali ila mdudu aliye hai, na asipozalishiwa wadudu mnyama huyo hufa. Khabari kubwa kabisa ya jambo hili ni ya hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura mdogo wa manjano katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Mkubwa wake hafiki sentimita 3, na makao yake yote yalikuwa kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyageuza maji, manyunyu yakapungua mno. Basi mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliobaki korongoni waliangamia baada ya mwaka 2003, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwamo, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hayuko tena. Uhai wa kabila zima la chura ukawa umo mikononi mwa wazalishaji wa wadudu.

Chura huyu hatagi. Huzaa watoto, kila mmoja kama milimita 5. Chakula chake lazima kiwe kidogo sana: inzi wa matunda wasioweza kuruka, au nyenje walioanguliwa karibuni. Inzi huzalishwa katika chupa yenye ndizi mbivu iliyopondwa, mdomoni kitambaa. Kwa joto la kwetu kizazi kipya hutoka kwa siku 10 hadi 12. Chupa moja isitegemewe, maana huota ukungu. Ianzwe nyingine kila wiki.

Nyenje wataka sanduku la kuta laini, trei za mayai za kujifichia, na bakuli la mchanga wenye unyevu wa kutagia. Maji wapewe kwa pamba iliyoloweshwa, kwani bakulini huzama. Wakiona njaa hulana. Miguu ya meza isimamishwe katika makopo ya maji, la sivyo sisimizi watamaliza kazi yote kwa usiku mmoja. Na majimoto wa mikarafuuni sote twawajua.

Ama linalosahauliwa khasa ni hili: nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mnyama alaye nyenje watupu hulegea mifupa. Kwa hiyo nyenje ashibishwe majani mabichi na pumba siku moja au mbili kabla, kisha apakwe unga wa kalsiamu papo hapo anapotolewa, kwa kuwa akikaa hujisafisha.

Mtu atauliza, kwa nini wasikusanywe nje tu? Pwani ya Ziwa Victoria, huko Musoma, wadudu wa ziwa huinuka kama moshi, mara nyingi siku za mwezi mwandamo, kisha hawaonekani. Chura hawezi kungoja mwezi. Na mdudu wa shamba lililopigwa dawa huibeba sumu hadi kinywani mwa mlaji.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Mwanachama asiyefuga ila kuku aweza naye kuanza na sanduku moja: nyenje waliozidi ni chakula kizuri cha vifaranga.