Chujio la Oili Likigoma Kutoka

Pikipiki za rafu zinazoletwa gerejini kwangu Karatu nyingi ni Honda XR: za maafisa ugani, za mapadri wanaopanda kwenda Mbulu, na chache za askari wa wanyamapori. Zenyewe hazina ubishi. Kinachonisumbua ni mkono wa aliyezifunga kabla yangu. Kifuniko cha chujio la oili kinashikwa na bolti ndogo za spana namba 8, zinazotaka nguvu ya nyutoni-mita 10 hivi, yaani kifundo cha mkono tu, bega halihusiki. Kijana anazibana kama anafunga gurudumu la lori, zinakaa miezi kwenye tope na joto, na siku ya kufungua lawama inaliangukia chujio.

Wenye bodaboda huniuliza mbona zao hazina kitu hiki. Injini nyingi za ukoo wa Honda CG125 husafisha oili kwa wavu wa chuma na kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni, unaosha, unarudisha. XR kubwa ina karatasi iliyokunjwakunjwa kati ya vifuniko viwili vya bati, na karatasi haioshwi. (Nimeona watu wakiiosha kwa petroli na kuianika juani. Tuyaache hayo.) Uzuri wake, chujio la XR250 ndilo la XR400 na XR650L, hata CRF250L, kwa hiyo ukilipata Arusha nunua mawili.

Kabla ya spana, brashi. Udongo mwekundu wa huku ukikauka kwenye kona za kifuniko hautoki kwa kupangusa, na ukidondokea ndani umeupeleka mwenyewe kwenye oili mpya. Kisha washa injini dakika chache ipate uvuguvugu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, basi tundu linailegezea bolti kidogo. Zima, mwaga oili, ukikumbuka kwamba XR400 na XR650L huweka oili ndani ya fremu: kuna bolti ya kumwagia kwenye fremu na nyingine chini ya injini.

Sasa boksi spana yenye pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha bolti, na spana malaya usiilete hapa kabisa. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara moja, wima, ili uzi ushtuke. Kaza kidogo kwanza. Ukisikia imeachia, ndipo urudi kushoto. Bolti iliyokwisha kichwa igongee boksi dogo zaidi, au weka tindo ukingoni na uisukume kwa nyundo. Ikikataa, drili: toboa kichwa peke yake, vua kifuniko, na kipande kinachobaki mara nyingi hutoka kwa plaizi, kwa sababu hakuna tena kinachokibana.

Kifuniko nacho huwa kimegandwa na mpira wake wa duara. Hapa ndipo bisibisi huharibu pikipiki za watu. Mkwaruzo mmoja pale kinapokalia na oili inavuja, na pale ni sehemu ya kifuniko cha klachi, si kitu cha bei ndogo. Kigonge pembeni kwa mpini wa nyundo, kizungushe, kitaachia.

Chujio lenyewe linaweza kutoka limeng'ang'ania kifuniko kwa mpira wake wa katikati, au likabaki ndani ya injini. Ukilivuta kwa plaizi ya kawaida karatasi inachanika, bati linabaki. Mimi hutumia plaizi ya klipu, ile inayopanuka ukiibana: midomo ndani ya tundu la katikati, panua, zungusha huku unavuta. Wenye KTM wanaijua, maana machujio yao hukaa ndani kabisa. Nyuma yake, upande wa injini, kuna springi. Itafute kabla hujatupa chochote.

Usilitupe hata hilo kuukuu. Chana karatasi kwa wembe uiangalie kwenye mwanga. Nyuzi nyeusi ni klachi, kwa kuwa inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Unga kidogo unaoshikwa na sumaku haunitishi. Vipande vya rangi ya shaba vinanitisha: kuna bushi inalika, na hapo mwenye pikipiki asiende safari kwanza.

Jipya limeandikwa OUT-SIDE upande mmoja, na upande huo unatazama nje. Likigeuzwa, njia ya oili inazibwa na injini inakufa kwa ukavu huku fremu imejaa oili.

Kupima pia kuna namna yake. Pikipiki yenye oili kwenye fremu haipimwi asubuhi ikiwa baridi, kwa sababu usiku oili huteremka kwenye injini na kijiti kinaonyesha imepungua. Iendeshe kidogo, zima, subiri dakika chache, pima. Wengi huongeza asubuhi, na jioni wako mlangoni kwangu wakiuliza kwa nini chujio la hewa limelowa oili.