Namba za Ini Zinapopanda na Kushuka

Bugeshi ni sekta ya nyanda za juu katika Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, upande ambao watu wengi wangali wakiuita Gisenyi, kwa jina la mkoa wa zamani uliokoma katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Udongo wake umetokana na volkeno, mpaka wa Kongo uko karibu, na wananchi wengi huishi kwa kulima viazi mviringo. Mtu wa huko anapoambiwa kwamba ana homa ya ini aina ya B iliyo ya kudumu, hapewi jina la ugonjwa peke yake. Hupewa pia desturi mpya ya maisha, nayo ni kutolewa damu kila baada ya miezi kadhaa na kurejea nyumbani na karatasi yenye namba.

Karatasi hiyo ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Safari hii namba imepanda, safari ijayo imeshuka, na mwenyewe hajisikii tofauti yoyote. Mmoja huingiwa na hofu akakimbilia mizizi na majani ya kuchemsha. Mwingine hufurahi akadhani amepona, akaacha vidonge. Wote wawili waweza kujidhuru, kwa sababu wameisoma namba moja kana kwamba ni hukumu, ilhali namba hizo ni habari zinazopaswa kusomwa pamoja, moja baada ya nyingine.

MOSHI WA INI

Ndani ya chembe za ini mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyouwezesha mwili kufanya kazi zake. Viwili kati ya hivyo hupimwa zaidi, navyo huandikwa kwa herufi ALT na AST. Chembe ya ini ikiumia au ikifa, vimeng'enya hivyo humwagika katika damu, na mashine ya maabara huvihesabu. Kwa hiyo ALT ikiwa juu, maana yake ni kwamba chembe zinaumia katika siku hizi hizi. Haisemi ini limebakiwa na nguvu kiasi gani, wala haisemi limepata makovu mangapi tangu zamani. ALT iliyomwagika hupungua karibu nusu katika muda wa siku mbili hivi, na kwa sababu hiyo namba hueleza habari za majuzi tu.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. ALT ni moshi huo. Lakini mwenye akili akiona moshi huuliza kwanza: ni wa jikoni au ni wa paa linaloungua? Tena hukumbuka kwamba nyumba iliyokwisha kuteketea haitoi moshi mwingi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba virusi vya B kwa kawaida haviui chembe za ini moja kwa moja. Walinzi wa mwili ndio wanaozishambulia chembe zilizoingiwa na virusi. Mtu aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa aweza kukaa miaka mingi akiwa na virusi vingi mno katika damu na ALT iliyo shwari, kwa kuwa walinzi wake bado hawajaanza vita. Baadaye vita huanza, ALT hupanda, na huenda ikatulia tena virusi vinapodhibitiwa. Kupanda na kushuka kwa namba, basi, ni sehemu ya tabia ya ugonjwa wenyewe.

KIKOMO CHA KAWAIDA

Karatasi nyingi za maabara huandika kwamba ALT ya kawaida ni hadi 40, na pengine zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B, limetumia vikomo vya chini kuliko hivyo: 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Mama mwenye ALT ya 27 aweza kuambiwa kuwa ni mzima kwa kuwa karatasi haikutia alama yoyote, kumbe kwa kipimo hicho amekwisha kuvuka mpaka. Yafaa amwulize mganga wake ni kikomo kipi kinachotumika katika kumwangalia.

Tena mashine hazifanani. Wakazi wa mpakani huvuka kwenda na kurudi kwa biashara na kwa kutembelea jamaa, na si ajabu mtu akapimwa Goma mwezi mmoja na Gisenyi mwezi mwingine. Tofauti ndogo kati ya karatasi mbili za namna hiyo haina uzito. Afadhali kupimiwa mahali pamoja kila mara, na kuzitunza karatasi zote katika bahasha moja zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

MAMBO MENGINE YAPANDISHAYO NAMBA

Ifikiriwe hali ya mkulima wa mfano, mwanamume wa miaka 40, ambaye ALT yake ilikuwa 28 mwezi wa Januari, ikawa 61 mwezi wa Julai, kisha ikarudi 33 mwezi wa Oktoba. Kabla ya kuvilaumu virusi peke yake, yapo mambo ya kuuliza.

La kwanza ni kazi. Vimeng'enya hivi vimo katika misuli pia, hasa AST. Mtu aliyebeba magunia ya viazi siku kadhaa kupita kawaida yake aweza kuwa na namba za juu kwa muda wa wiki nzima, na ini lake halina kosa. Ni vema kumweleza mganga kazi iliyofanywa siku zilizotangulia.

La pili ni pombe. Urwagwa na pombe nyingine, kali au nyepesi, huliumiza ini ambalo tayari lina mzigo. La tatu ni dawa: baadhi ya dawa za kifua kikuu, vidonge vya kutuliza maumivu vikizidi kipimo, na dawa za mitishamba ambazo aghalabu hakuna ajuaye kiasi cha sumu iliyomo. Hapa pana mtego mbaya. Mtu huona namba imepanda, akanywa mitishamba ili aishushe, na mitishamba ikaipandisha zaidi. Lakini dawa ya kifua kikuu isiachwe kwa uamuzi wa mgonjwa; mganga ndiye apimaye lipi lina hatari kubwa zaidi.

La nne ni mafuta yanayojilimbikiza katika ini, hasa kwa wenye unene na kisukari. La tano ni maradhi mengine, kama malaria, homa ya ini aina ya C, au aina ya D ambayo humpata tu mtu aliye na aina ya B. Mwishowe, damu ikivurugika njiani kuelekea maabara, chembe zake nyekundu hupasuka na kuipandisha AST kwa uongo.

Ndiyo maana mganga mwangalifu hatoi uamuzi kwa namba moja iliyopanda kidogo. Hurudia kipimo. Lakini ALT ikiruka ikawa mara tano au mara kumi ya kikomo, hapo hakuna kungoja miezi, bali uchunguzi hufanywa upesi. Na mtu akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa kama chai nzito, tumbo linajaa maji, anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, au akili inamchanganyika, aende hospitali siku ile ile, awe na karatasi au asiwe nayo.

KUSHUKA SI LAZIMA NAFUU

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Ini lililopigwa miaka mingi hujaa makovu, na makovu yakienea huitwa sirosisi. Chembe hai zikiwa zimepungua, hata ALT inayomwagika huweza kupungua. Mgonjwa akatazama namba iliyoshuka kutoka 70 hadi 29, akamshukuru Mungu, kumbe moto umetulia kwa sababu kuni zimepungua.

Kinachofichua siri hiyo ni vipimo vingine vilivyo katika karatasi. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Ikishuka, huenda kiwanda kimechoka. Bilirubini ni rangi ya manjano ambayo ini huiondoa katika damu. Ikipanda, uondoaji huenda umekwama. Muda wa damu kuganda ukirefuka, ini huenda halitoi vya kutosha vitu vya kugandisha. Halafu ziko chembe sahani, ambazo kwa kawaida ni kati ya 150,000 na 400,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Makovu ya ini huzuia mkondo wa damu, wengu huvimba, na chembe hizo hupungua mwaka hata mwaka.

Ipo hesabu nyepesi iitwayo APRI, ambayo yeyote aliyesoma shule ya msingi aweza kuifuata. AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kikomo cha juu cha maabara, jibu huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa chembe sahani zikihesabiwa kwa maelfu. Mwenye AST ya 36, kikomo kikiwa 40, na chembe sahani 120,000, hupata 0.9 mara 100, yaani 90, gawanya kwa 120, ni 0.75. Kwa mwongozo wa 2024, mtu mzima akizidi 0.5 hudhaniwa kuwa na makovu ya maana, na akizidi 1 hudhaniwa kuwa na sirosisi. Mgonjwa huyu ana AST iliyo ndani ya kikomo, na hata hivyo hesabu inapiga kengele. Hesabu hii haithibitishi ugonjwa, ila humwonyesha mganga nani aangaliwe kwanza.

NANI HUANZISHIWA DAWA

Si kila mwenye virusi vya B humeza dawa. Mwongozo huo wa 2024 umepanua mlango: hutibiwa mwenye makovu ya maana, mwenye virusi zaidi ya 2,000 kwa kipimo cha kimataifa katika kila mililita ya damu pamoja na ALT iliyovuka kikomo, na mwenye sababu nyingine za hatari, kama vile virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya D, kisukari, au jamaa aliyeugua saratani ya ini. Mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani, ALT iliyozidi kikomo mara mbili katika muda wa miezi sita hadi kumi na miwili yatosha kuwa sababu.

Dawa itumiwayo sana ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Hiyo huvifunga virusi, haivifukuzi. Mgonjwa anayeona ALT imetulia baada ya mwaka wa dawa asidhani vita vimekwisha. Vimetulia kwa sababu mlinzi yuko lindoni. Akiacha ghafla, virusi huweza kurudi kwa kishindo, ALT ikapanda mno, na ini lenye makovu likashindwa kabisa kufanya kazi. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Vivyo hivyo, mtu anayetaka kutibiwa homa ya ini aina ya C, ambayo Rwanda ilianzisha mpango wa kuitokomeza mwezi wa Desemba 2018, au kutibiwa saratani, hana budi kusema kwamba ana aina ya B, kwa kuwa matibabu hayo huweza kuviamsha virusi vilivyolala.

Mwenye sirosisi, hata namba zake zikiwa nzuri, huhitaji kupigwa picha ya altrasaundi kila miezi sita, ili saratani ikitokea ionekane ikiwa ndogo.

MAMBO YA NYUMBANI

Nyumba nzima ina kazi ya kufanya. Homa hii haiambukizwi kwa sahani, kwa kupeana mkono wala kwa kunyonyesha. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe na mswaki visishirikiwe, lakini mgonjwa asitengewe kikombe wala kiti, kwani aibu humfanya mtu akwepe kliniki.

Mume au mke, watoto na ndugu wa nyumba moja wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Rwanda iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, nayo hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni kwa mpango huo. Mama mjamzito mwenye virusi aseme mapema, kwa kuwa dawa katika miezi ya mwisho ya mimba, na chanjo kwa mtoto katika saa 24 za kwanza, humkinga mtoto. Kati ya watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 katika kila 10 hubaki na ugonjwa maisha yao yote. Kwa watu wazima ni chini ya 1 katika 20.

Ghala nalo litazamwe. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo ikikutana na virusi vya B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Kuzikausha vema na kutupa zenye ukungu ni sehemu ya matibabu.

Mgonjwa anapokwenda kuchukua majibu, achukue bahasha yake na maswali machache: namba hii ikilinganishwa na zile zilizopita inaelekea wapi? Chembe sahani na albumini zikoje? Makovu yamepimwa? Nirudi lini? Siku ya kwenda kupima ni siku moja ya shamba inayopotea, na kwa mwenye watoto wa kulisha si gharama ndogo. Lakini asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa ini, ukishaanguka, ni vigumu mno kuujenga tena.