Kikao Kirefu cha Arusha

Kisa cha leo hakina sungura wala fisi. Ni kisa cha kweli, chenye marais na askari, kina mama waliodai nafasi ya kusema, na familia zilizokimbia makwao zikaishia hapa hapa mkoani Katavi. Ni kisa cha nchi moja iliyoumia, na majirani waliokataa kukaa pembeni wakitazama.

Tuanzie nyumbani. Ukitoka Mpanda mjini ukaelekea Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo, utapita mashamba ya mahindi, mihogo na tumbaku. Ukienda Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika, utakuta kilimo hicho hicho. Kaa kidogo gulioni usikilize wazee wakizungumza, utasikia Kiswahili na Kirundi vikipishana. Wazee hao walifikaje huku?

Walikuja kwa sababu ya mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi na kuua watu. Jeshi, ambalo wakati ule lilishikwa na Watutsi, kabila lenye watu wachache kuliko Wahutu, likajibu kwa kuwaua Wahutu kwa maelfu mengi. Walimu, makarani na wanafunzi walitafutwa kwa majina. Waliosalimika walikimbia, na wengi wao wakaingia Tanzania. Serikali yetu, ikisaidiana na Umoja wa Mataifa, iliwatengea makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo huku kwetu. Palikuwa msitu wa miombo wenye mbung'o. Familia zilipewa ardhi, zikafyeka, zikalima, na baada ya miaka zikawa zinajilisha zenyewe na kuuza ziada.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jirani: kufungua mlango. Lakini kumpokea anayekimbia hakuzimi kinachomkimbiza. Mwezi Juni 1993 Warundi walipiga kura wakamchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimuua. Vita vikalipuka, vikadumu zaidi ya miaka 10, na watu wapatao 300,000 wakapoteza maisha, Wahutu na Watutsi. Wakimbizi wengine wakamiminika Kigoma.

Mtaniuliza: vita vya Burundi vilituhusu nini sisi? Vilituhusu sana. Vita havisimami mpakani kusubiri mhuri. Silaha huvuka, yatima huvuka, chuki nayo huvuka. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mvuvi wa Karema na mvuvi wa Rumonge wanavua migebuka na dagaa katika maji yale yale. Mmoja akilala kwa hofu, mwenzake hana soko wala njia salama. Zaidi ya hayo yote, aliyekuwa akiuawa ni binadamu, na hiyo peke yake ilitosha kuwa sababu.

Basi viongozi wa nchi za jirani wakamtegemea Mwalimu Julius Nyerere awe msuluhishi. Alikuwa amekwisha ng'atuka urais, lakini heshima yake ilikuwa bado kubwa. Mwaka 1996 aliwakutanisha wanasiasa wa Burundi mjini Mwanza. Kabla mazungumzo hayajashika mizizi, tarehe 25 Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu ya jeshi. Majirani hawakukawia. Tarehe 31 Julai walikutana Arusha, na nchi hizo, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, zikakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara.

Itazameni ramani muone uzito wa jambo hilo. Burundi haina bahari. Bidhaa zake nyingi zilishuka bandari ya Dar es Salaam, zikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, kisha zikapakiwa melini kwenda Bujumbura. Majirani wakifunga njia, mafuta na mbolea havifiki. Nchi moja ikifunga peke yake, mizigo itazunguka kwa nyingine. Kwa hiyo nguvu ya vikwazo ilikuwa katika kufunga kwa pamoja. Lakini semeni ukweli wote, wanangu: vikwazo viliwaumiza pia wakulima na wagonjwa ambao hawakupindua serikali ya mtu. Ndiyo maana vililegezwa hatua kwa hatua kwa ajili ya mahitaji ya lazima, na Januari 1999 vikasitishwa, mazungumzo yakiwa yanaendelea.

Mazungumzo yenyewe yalifunguliwa Arusha mwezi Juni 1998. Mmewahi kuona ukoo uliogombana juu ya mirathi? Ndugu hawasemezani, mpaka aitwe mzee wa ukoo mwingine, asiyedai shamba wala ng'ombe katika ile mirathi, awakalishe kitako. Arusha palikuwa hivyo, ila waliokalishwa walikuwa serikali, bunge na vyama 17. Waligawana katika kamati tano. Moja ilijadili asili ya ugomvi, ya pili demokrasia na utawala bora, ya tatu amani na usalama, ya nne ujenzi wa nchi, na ya tano namna ya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kitatekelezwa.

Sasa tuingie ndani ya jambo moja tu kati ya mengi waliyokubaliana, maana humo ndimo utakapoona jinsi amani inavyoundwa. Jambo hilo ni jeshi. Mhutu akiona askari aliogopa, kwa kuwa jeshi lilikuwa la Watutsi na lilikuwa limewaua ndugu zake. Mtutsi naye alijua kwamba watu wake ni wachache, akahofia kuwa jeshi likienda kwa walio wengi, atamalizwa. Kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha. Suluhu ikawa hii: kwa kipindi ambacho Bunge la Seneti lingeona inafaa, kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Nusu kwa nusu, ingawa Wahutu ni wengi zaidi nchini. Hesabu hiyo haikutafuta nani mwingi. Ilitafuta namna ya kumfanya kila mmoja amwone askari bila kutetemeka.

Mwalimu hakuuona mwisho wa kazi yake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kiti chake kikashikwa na Nelson Mandela wa Afrika Kusini, mzee mwingine aliyekwisha toka madarakani. Mwezi Julai 2000 wanawake wa Burundi, wawakilishi kutoka pande zote zilizokuwa mezani, walifanya mkutano wao hapo hapo Arusha. Walikuwa wamebaki wajane, wamelea yatima, wamepoteza mashamba, ilhali mezani walikuwa karibu hawapo. Waliandika madai yao wakayawasilisha, na mengi yakaingia katika mkataba. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani na Maridhiano ya Burundi ukatiwa saini.

Je, bunduki zilinyamaza siku hiyo? Hapana. Makundi makubwa mawili ya wapiganaji hayakuwa yametia saini, na vita viliendelea. Kwa hiyo majirani na marafiki wa Afrika wakarudi kazini. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka Burundi kikosi chake cha kwanza cha kulinda amani, kikiwa na askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Novemba mwaka huo kundi kubwa zaidi la waasi lilitia saini Dar es Salaam kuacha vita. Mwaka 2005 Warundi wakapiga kura. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi, pamoja na Rwanda, ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Na wale wazee wa Katumba na Mishamo? Mwaka huo huo wa 2007, Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana kwamba kila mkimbizi wa 1972 achague mwenyewe: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi, takribani wanne kati ya kila watano, walichagua kubaki. Zaidi ya watu 162,000 wakapewa uraia. Wengine walifunga mizigo wakarudi kwenye nchi ambayo watoto wao walikuwa hawajaiona. Hata kurudi huko kuliwezekana kwa sababu palikuwa na amani ya kurudia.

Majirani walijifunza kwamba wasisubiri moto uwake ndipo watafutane. Novemba 2004 viongozi wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Dar es Salaam wakatoa azimio la amani, na mwaka 2006 wakatia saini mkataba jijini Nairobi. Leo nchi 12 ni wanachama wa umoja huo wa nchi za Maziwa Makuu, na makao makuu yake yako Bujumbura, jiji lile lile lililowahi kufungiwa njia.

Bado kazi ni kubwa. Mwaka 2015 Burundi iliingia tena katika machafuko, na kambi za Kigoma zikajaa upya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikampa Rais mstaafu Benjamin Mkapa kazi ya usuluhishi, lakini safari hiyo pande mbili hazikufikia makubaliano. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, askari wa Tanzania wamelinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017, kambini Semuliki, wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Amani ya jirani imelipiwa kwa damu ya vijana wa nyumba zetu. Tusiizungumze kama jambo jepesi.

Wanangu, nina neno moja la kuwaachia. Amani ya Burundi haikuletwa na shujaa mmoja. Ililetwa na waliofungua mlango, waliofunga njia kwa pamoja, waliokaa mezani miaka miwili, waliosimama na bunduki bila kupigana, na waliorudi mezani kila mkataba ulipoyumba. Kazi hizo zote zitahitaji watu tena, na watu wenyewe ni ninyi. Anzeni sasa. Jifunzeni historia ya majirani zetu kama mnavyojifunza yetu. Mwenzenu darasani asiitwe mkimbizi kwa dharau eti kwa kuwa babu yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Na mkisikia mtu anawagawa watu kwa makabila, mkatalieni mapema, akiwa bado na maneno tu mdomoni.