Je, panya hujinyima chakula? Kuhusu matumizi ya wanyama katika uchunguzi wa maradhi ya ulaji

Katika makala hii fupi twakusudia kueleza jinsi panya wanavyotumiwa kuchunguza ugonjwa wa anoreksia, na jinsi kiambishi kimoja cha Kiswahili kinavyoweza kutusaidia kupima thamani ya uchunguzi huo.

Mnamo 1873, Lasègue huko Paris na Gull huko London walieleza, kila mmoja kwa upande wake, hali ya wasichana waliokonda mno pasipo ugonjwa mwingine wa mwili. Jina anoreksia, lenye asili ya Kiyunani, maana yake ni kukosa hamu ya kula. Nalo lapotosha, kwani wagonjwa wengi huona njaa wakaishinda. Gull alistaajabia pia kwamba mgonjwa wake, aliyebaki mifupa mitupu, hakutulia, bali alipenda kutembea huku na huku.

Jambo hilo la pili ndilo lililoonekana kwa panya. Mwaka 1967, nchini Marekani, Routtenberg na Kuznesof walieleza jaribio lifuatalo. Panya huwekwa katika kizimba chenye gurudumu la kukimbilia, naye hupewa chakula kwa saa moja tu kila siku, ale kiasi apendacho. Badala ya kuhifadhi nguvu, huzidi kukimbia siku hata siku, hula kidogo kuliko mwenziwe asiye na gurudumu, hukonda, na asipookolewa hufa. Mwenziwe, aliyepewa saa ile ile bila gurudumu, huzoea akaishi. Aliye na gurudumu na chakula wakati wote hadhuriki. Basi kiuacho si ile saa moja peke yake, wala si mbio peke yake. (Siku hizi jaribio husimamishwa kabla ya kifo, na ni haki.)

Watafiti hao waliliita tendo hilo kujinyima chakula. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kusita. Kiambishi -ji- chaonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Lakini panya kwanza amenyimwa: aliyeondoa chakula baada ya saa moja ni mtafiti. Hata hivyo, ndani ya saa hiyo chakula ki mbele yake, naye hali cha kumtosha. Kunyimwa kumezaa kitu kinachofanana na kujinyima.

Mfanano huo una faida kubwa. Leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili, iligunduliwa mwaka 1994. Mtu akikonda, hupungua katika damu. Mwaka 2000, Exner na wenzake wa Ujerumani waliwatia leptini panya waliopunguziwa chakula, na mbio zao zikapungua sana. Yamkini, basi, kule kutotulia kwa mgonjwa, ambako jamaa zake hukuona kuwa ukaidi au hila ya kukonda zaidi, kwa sehemu ni jibu la mwili wenye njaa. Kwa mzazi aliyezoea kumkaripia bintiye, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini panya haogopi kunenepa, wala hajitazami katika kioo akajiona mnene ilhali amekonda. Sehemu hiyo ya ugonjwa haimo kizimbani. Kwa hiyo twapendekeza wafasiri waandike «panya aliyekondeshwa na mbio na uhaba wa chakula», ijapokuwa ni maneno marefu, na kitenzi kujinyima wakiweke kwa binadamu, tena baada ya kuuliza ni kiasi gani cha tendo hilo ni hiari yake.